Mtini wa Nyumbani: Kwa Nini Tini Zinadondoka Kabla ya Kuiva

Malalamiko ya wengi wenye mtini uani ni haya: mti umestawi, majani ni mapana, tini zinatokea, kisha zinadondoka zikiwa bado ngumu. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya viwili: mti ulitokana na mbegu, au unamwagiliwa kwa kushtukiza.

Mbegu kwanza. Tini kavu zinazotoka Uturuki zina mbegu hai, na zikipandwa huota. Tatizo ni kwamba aina hiyo haiivishi matunda mpaka ichavushwe na nyigu mdogo maalumu. Nyigu wanaoingia kwenye matunda ya mikuyu yetu ni wa aina nyingine, hawaufai mtini. Isitoshe, baadhi ya miche ya mbegu huwa madume, na matunda yake hayaliki. Panda kipandikizi cha mti ambao tini zake zinaiva na kuliwa hapo hapo mtaani, au nunua mche wa aina inayozaa bila kuchavushwa, kama Brown Turkey au Kadota.

Kwa kipandikizi, kata tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli hadi kidole gumba, urefu wa sentimita 20 hadi 30, lenye macho yasiyopungua 4. Chini kata mkato mnyoofu karibu na jicho. Juu kata mshazari, usije ukakichomeka kichwa chini. Kiache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha kizike theluthi mbili kwenye kiriba chenye mchanga na mboji. Udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope. Majani yanaweza kutoka kabla ya mizizi, kwa hiyo usikivute kukikagua. Na vaa glavu: utomvu wa mtini ukigusa ngozi kisha ikapigwa na jua, ngozi hubabuka na kutoa malengelenge.

Mche ukishika, uhamishie penye jua la saa 6 au zaidi, angalau mita 5 kutoka ukuta na karo la maji taka, maana mizizi yake husambaa mbali kutafuta maji. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, na udongo wake uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Kama hapo palikuwa na bamia au nyanya, ng'oa shina moja utazame mizizi. Ukiona nundunundu, hiyo ni minyoo fundo. Tafuta mahali pengine, kwani mtini ni dhaifu sana mbele yake, hasa kwenye udongo wa kichanga.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Mtini huvumilia ukame kwa kuacha matunda yake: ukikaa na kiu muda mrefu, hudondosha tini. Tini zinazokaribia kuiva zikipata maji mengi ghafla baada ya kiu, hupasuka na kuchacha mtini. Fukua sentimita 10 kwa kidole. Pakiwa pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yashuke chini. Mche mchanga wakati wa kiangazi unahitaji kama lita 20 mara mbili kwa wiki. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 10, zisiguse shina. Samadi nyingi au urea huleta majani bila matunda.

Tini nyingi hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo pogoa baada ya mavuno, ubakize matawi makuu 3 au 4 yaliyoachana ili hewa ipite. Bila hewa, msimu wa mvua huleta kutu: vidoa vya kahawia chini ya jani, kisha majani kupukutika. Okota majani hayo uyachome, na umwagilie shinani, si majani.

Tini ikichumwa mbichi haiivi ndani. Subiri shingo yake ilegee na tunda liiname. Likitoa utomvu mweupe kwenye kikonyo, bado. Ndege na popo hawasubiri hivyo, basi funika matunda kwa mifuko ya karatasi mara yanapoanza kubadilika rangi. Ukishachuma, yaliwe ndani ya siku 2 au 3, hata yakiwa kwenye friji.