Kwa Nini Tone la Mvua Halitutoboi Kichwa

Kama kusingekuwa na hewa, tone la mvua lililoanguka kutoka kimo cha kilomita 1 lingetufikia kwa kasi ya karibu kilomita 500 kwa saa. Kumbe hata tone kubwa hutua kwa kilomita 30 hivi. Kasi nyingine yote imeliwa na ukinzani wa hewa.

Ukinzani huu una tabia moja inayoeleza mengi: hukua kadiri kitu kinavyokwenda kasi. Tone linapoanza kushuka, uzito wake ndio unaotawala. Kasi ikipanda, hewa nayo hukaza, mpaka nguvu hizo mbili zinatoshana. Hapo wageni wa maabara yetu hudhani tone litasimama. Halisimami. Huacha tu kuongeza kasi, likaendelea kushuka kwa mwendo ule ule hadi ardhini. Mrukaji wa parachuti aliyelala kifudifudi angani hufikia kikomo chake kwenye kilomita 200 kwa saa; akifungua parachuti, hewa inapata eneo kubwa la kushika na kikomo kinashuka hadi 20 hivi.

Barabarani hesabu hii ina gharama. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukaenda 120, ukinzani wa hewa unakuwa mara 4, na kwa kuwa unausukuma kwa kasi maradufu, kazi ambayo injini inafanya kila sekunde kupambana na hewa peke yake inakuwa mara 8.

Tabia hiyohiyo ya ukinzani kukua pamoja na kasi ndiyo hutuliza vitu vinavyoyumba au kudunda. Gari lenye springi tupu likipita shimo lingeendelea kudunda. Kinachotuliza mdundo huo ni shokapu: ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba. Ukiisukuma haraka inakataa, ukiisukuma polepole inakubali. Nishati ya mdundo hugeuka joto, ndiyo maana baada ya njia mbovu shokapu huwa ya moto. Fundi hukandamiza kona ya gari kisha huiachia: ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima; ikicheza mara kadhaa, imekwisha. Lakini ikiwa ngumu kupita kiasi nayo ni tatizo, maana gurudumu huchelewa kurudi chini na shimo la pili linalikuta bado juu.

Mwaka 2000 daraja jipya la waenda kwa miguu la Millennium, London, liliyumba kwa hatua za watu hadi likafungwa baada ya siku 2. Lilifunguliwa tena mwaka 2002, likiwa limefungwa vituliza mtikisiko, vingine vikifanya kazi kama shokapu.