Je, programu za Biblia zimefuta mistari?

Wengi huamini kwamba Biblia za kwenye simu zimepunguzwa mistari kimyakimya. Mfano unaotajwa sana ni Mathayo 17, ambapo namba huruka kutoka 20 hadi 22. Kuruka huko ni kweli, ila simu haihusiki. Namba za mistari ya Agano Jipya zilianza kuchapishwa mwaka 1551, kwenye maandishi yaliyokuwa na mstari wa 21, ilhali hati kongwe za Kigiriki za karne ya 4 hazina mstari huo wa 21. Ndiyo maana tafsiri nyingi za karibuni huuweka kwenye tanbihi. Gusa alama ndogo iliyo hapo, mara nyingi utausoma. Kisha fungua Biblia ya karatasi ya tafsiri ileile, uone kama namba huruka vilevile (wengi hulinganisha tafsiri mbili tofauti bila kujua). Neno la Yesu kuhusu kuomba, lililo katika mstari huo wa 21, limo pia katika Marko 9:29.