Matubwitubwi kwa mtu mzima: mimi huanzia chini ya kidevu

Mchuuzi mmoja wa dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, miaka thelathini na kitu, aliingia kliniki mashavu yamefura, kapakwa masizi pande zote mbili. Mkewe anamcheka: ugonjwa wa watoto huo! Mtoto wao alikuwa ameugua kama wiki mbili na nusu nyuma. Mimi sikucheka. Jamaa alikuwa anaongea kama mwenye tonge la ugali mdomoni.

Virusi vya matubwitubwi hupenda tezi za mate. Zikivimba zile za mbele ya masikio, shavu linafura na hewa inapita kama kawaida. Kazi ipo kwenye tezi za chini ya taya: zikivimba nazo, hubana mishipa ya limfu inayoondoa maji shingoni. Maji yakikosa njia huteremka kifuani, au hujaa kwenye kuta za zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Ni nadra, ila yakitokea, mara nyingi ni kwa mtu mzima.

Nikambonyeza juu ya mfupa wa kifua. Kidole kikaacha shimo. Nikapitisha kamera nyembamba puani. Kile kifuniko cha njia ya hewa kilikuwa kimevimba, kimepauka, kinameremeta kama tumbo la sangara. Ingekuwa jipu la jino, chini ya ulimi pangekuwa pagumu na pasingeguswa kwa maumivu.

Alitaka kuwahi meli ya kwenda kwao Nansio, kisiwani Ukerewe. "Kaka, leo hupandi," nikamwambia. Ziwani ni masaa matatu na ushee, na koo likiziba katikati ya maji nani atalitoboa?

Tulimlaza akiwa ameketi, tukamchoma deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, na vifaa vya kutoboa koo vikakaa kando ya kitanda usiku kucha. Havikutumika. Antibayotiki sikumpa, hiki ni kirusi, ingawa mkewe alinidai sana.

Chanjo ya surua-rubella tunayowapa watoto wetu tangu 2014 haina kinga ya matubwitubwi, kwa hiyo aliyeyakwepa utotoni bado anaweza kuyapata ukubwani. Sauti ikibadilika, mate yakimshinda kumeza, akishindwa kulala chali au akivuta pumzi kwa mluzi, aletwe usiku huohuo.

Siku ya tatu kamera ilionyesha koo limenywea. Siku ya sita korodani moja ikavimba, kazi ya virusi vilevile, nikampeleka kwa mwenzangu wa chumba cha pili.