Juu ya Msitu, Chini ya Barafu: Ukanda wa Erika wa Mlima Kilimanjaro

Mgeni anayepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza katika vibanda vya Mandara, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,700, akiwa bado amezungukwa na msitu mzito. Kesho yake asubuhi, akishaipita kreta ndogo ya Maundi, huona miti ikibadilika mbele ya macho yake. Majani mapana yanatoweka, na mahali pake panachukuliwa na miti ya mashina yaliyopindapinda, yenye majani membamba mithili ya sindano, na matawi yanayoning'iniwa na ndevu za mzee, aina ya kuvumwani (lichen) yenye nyuzi ndefu, zinazodondosha maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Hiyo ndiyo miti ya erika, na kuanzia hapo hadi karibu mita 4,000 mgeni atakuwa anatembea katika ukanda ambao wengi huupita wakiwa na haraka ya kukiona kilele. Kwa maoni yetu, sisi tunaofanya kazi ya elimu ya uhifadhi, hakuna sehemu ya mlima huu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko hii.

Erika ni ukoo mkubwa wa mimea wenye spishi zaidi ya 800, nyingi zikiwa katika eneo la Cape huko Afrika Kusini. Katika vilima vya Uingereza na Uskoti, ndugu zake wa karibu ni vichaka vifupi vinavyomfikia mtu magotini, ambavyo hufunika nyanda nzima na kuzipaka rangi ya zambarau mwishoni mwa kiangazi. Kilimanjaro ni tofauti. Hapa Erica excelsa huwa mti kamili, na mahali palipotulia bila kuungua kwa muda mrefu hufika mita 10 na kufanya msitu wa peke yake. Kadiri mtu anavyopanda, miti hiyo hupungua kimo na kupisha vichaka vya Erica trimera pamoja na Erica arborea, mmea uleule unaoota pia katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Juu zaidi vichaka hivyo hutawanyika, kisha yakabaki manyasi ya mafundo na mimea ya helikrisumu, yenye maua makavu kama karatasi ambayo hayanyauki hata yakichumwa.

Umuhimu wa ukanda huu umo katika majani yale madogo. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapougonga mlima hulazimika kupanda, na kila inapopanda hupoa, hadi mvuke wake unageuka kuwa wingu. Sehemu kubwa ya mvua ya upande wa kusini hunyesha chini, ikifikia kilele chake kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200, na kutoka hapo kwenda juu mvua huzidi kupungua. Kinachobaki juu ni ukungu. Matone ya ukungu ni madogo mno kiasi kwamba hayawezi kuanguka yenyewe. Huelea na kupita. Yakikutana na mteremko ulio wazi, yataendelea na safari yake na kutawanyika. Yakikutana na mti wa erika wenye maelfu kwa maelfu ya majani membamba, uliojaa ndevu za mzee kila tawi, yatanaswa, yataungana, yatakuwa matone makubwa na kudondoka chini, ambako udongo wa majivu ya volkano uliochanganyika na mboji huyanywa na kuyahifadhi. Maji hayo huteremka polepole ndani ya mlima na kujitokeza kama chemchemi huko chini.

Ndiyo maana inafaa kuupima upya mjadala wa barafu, unaodhani kwamba kuyeyuka kwake ndiko kunakotishia maji yetu. Ni kweli kwamba barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na ni jambo la kuhuzunisha. Lakini barafu hiyo haikuwa ndiyo inayojaza mito yetu: ni kidogo, na sehemu yake kubwa hupotelea hewani kama mvuke bila kuwa maji kwanza. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye amefanya utafiti Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 2005 hoja ambayo bado haijawafikia wananchi inavyostahili: kwamba kuteketea kwa misitu ya erika kwa moto kumeathiri maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu. Kwa mujibu wa utafiti wake, tangu mwaka 1976 moto umekwisha kuondoa takriban kilomita za mraba 150 za msitu wa juu, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita.

Anayeyategemea maji hayo si mwenyeji wa Marangu au Machame peke yake. Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuchepusha maji kutoka kwenye vijito vya mlimani, zamani sana kabla ya wageni wa kwanza kutoka Ulaya kufika katika karne ya 19, na wageni hao walistaajabia ufundi wake. Mfongo una wenyewe, una zamu zake na sheria zake, na kihamba (shamba la nyumbani) cha migomba na kahawa kwa muda mrefu kilikitegemea kijito kisichokauka. Maji yanayobaki yanaungana na yale ya Mlima Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa Mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na hatimaye yanamwagika baharini katika mji wa Pangani. Upande wa kaskazini, maji yanayopita chini ya ardhi huibukia kwenye vinamasi vya Amboseli nchini Kenya, ambako tembo hunywa katikati ya ukame.

Maisha katika ukanda huu yana taabu ya pekee, kwa sababu jua la mchana huunguza na usiku huohuo, hasa kuanzia vibanda vya Horombo kwenye mita 3,720, maji huganda. Kiumbe cha hapa hupitia kiangazi na majira ya baridi ndani ya saa 24, kila siku ya mwaka. Tazama dendrosenesio, mmea mkubwa wenye shina nene na kichwa cha majani juu, ambao hupenda kusimama kandokando ya vijito na kufikia mita 5 na zaidi. Majani yake yakifa hayaanguki, bali hulizunguka shina kama blanketi na kulikinga na baridi, na usiku majani mabichi hujifunga kukilinda kitumba kilicho katikati. Wapagazi wa zamani waliyaona majani hayo makavu kuwa kuni nzuri, na mmea uliovuliwa blanketi lake haukuwa na kinga tena dhidi ya baridi ya usiku. Siku hizi kuwasha moto wa kuni ndani ya hifadhi kumepigwa marufuku.

Lobelia deckenii, mmea mwingine mkubwa wa hapa, ina mbinu nyingine. Majani yake yamejipanga kama bakuli na hukusanya maji ndani yake. Usiku, uso wa maji hayo huganda na kuwa kifuniko cha barafu, na kichipukizi kilicho chini hubaki salama katika maji yasiyoganda. Inapotoa mnara wa maua, hutembelewa na chozi mwenye vishungi vyekundu kifuani, ndege wa kijani kinachometameta anayetafuta asali ya maua na wadudu waliojificha humo. Jina lake la kisayansi, Nectarinia johnstoni, linamkumbuka mpelelezi Mwingereza Harry Johnston aliyefika mlimani mwaka 1884, kama jina la lobelia linavyomkumbuka mpelelezi Mjerumani Baron Carl Claus von der Decken.

Wanyama wakubwa ni wachache, lakini wapo. Pofu na nyati hupanda hadi uwanda wa Shira, ambao ni mabaki ya volkano ya kale iliyoporomoka upande wa magharibi, na chui hupita kila ukanda; mzoga wa mmoja ulionekana umeganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, na Mchungaji Richard Reusch aliuona mwaka 1926. Wadogo ndio wenyeji wa kweli: panya wa mistari minne anayekimbia kati ya mafundo ya nyasi, na kirukanjia wa Kilimanjaro, Myosorex zinki, ambaye ulimwengu mzima hauna mwingine nje ya mlima huu. Kunguru mwenye shingo nyeupe amejifunza kufuata kambi za wapandaji, na mabaki ya chakula yamemzoesha tabia isiyo yake. Tunawaomba wageni wasimlishe.

Majina ya vibanda nayo ni urithi. Mandara ni jina la Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, na Horombo ni mtawala wa Keni, upande wa Rombo, aliyekuwa na nguvu kubwa mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani vibanda hivyo viliitwa Bismarck na Peters, kwa hiyo kubadilishwa kwake kulikuwa ni kuwarudishia wenyeji mlima wao hata kwa majina.

Wachaga pia wana hadithi ya moto. Mawenzi, kilele cha pili cha mlima na jirani mvivu wa Kibo, aliuacha moto wake uzimike akaenda kuomba kaa kwa Kibo. Alipewa. Akaenda tena, akapewa. Aliporudi mara nyingine, Kibo alikasirika akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi ana vilele vilivyovunjikavunjika hadi leo.

Moto wa siku hizi hauwashwi na radi ila kwa nadra. Huwashwa na watu. Wengi wao wamekuwa warina asali, wanaofukiza nyuki moshi kwa mwenge na kuacha cheche nyuma yao. Miaka ya 1996 na 1997, ya ukame, maeneo makubwa yaliungua. Mwezi Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukawaka kwa zaidi ya wiki huku mamia ya askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji wakipambana nao kwa matawi na majembe. Oktoba 2022 ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, na erika, hata ikiwa mbichi, hushika moto upesi kwa sababu ya majani yake membamba.

Hapa panahitaji uangalifu, maana si sahihi kusema kwamba moto huimaliza erika. Erica excelsa huvumilia moto, na msitu wa mipodo ulio chini yake ukiungua, yenyewe ndiyo hushuka na kuichukua nafasi hiyo. Juu, mambo huenda kinyume: msitu mrefu wa erika ukiungua mara kwa mara hugeuka vichaka, na vichaka navyo huwa uwanda wa helikrisumu. Kwa hiyo ukanda mzima umekuwa ukihama kuteremka, na sehemu iliyokuwa inanasa ukungu mwingi zaidi ndiyo inayobaki wazi. Kuwakamata warina asali peke yake hakutoshi. Mizinga ya kisasa iliyo karibu na vijiji, mavazi ya kujikinga na bomba la moshi lililofungwa humpunguzia mrina sababu ya kupanda juu akiwa na mwenge, na tunaona kwamba fedha zinazotumika huko ni bora kuliko zile za kuzima moto uliokwisha kusambaa kwenye mita 3,500, mahali ambapo gari halifiki.

Njiani kati ya Mandara na Horombo vinaonekana vigogo vya erika vilivyoungua, vingine vyeusi, vingine vimepaushwa na jua hadi vikawa na rangi ya fedha. Mtu akiinama kwenye kisiki ataona machipukizi ya kijani yakitoka shinani, na wakati wa ukungu ataona matone juu yake. Ni matone machache. Chipukizi linalomfikia mtu kiunoni haliwezi kunasa ukungu kama mti wa mita 10, na ili lifikie kimo hicho linahitaji kukua kwa miongo mingi bila kuguswa na moto mwingine.