Ugumu na utupu: vipimo viwili vya mgongo wa mlima

Kuparamia mwamba ni kupanda kwa miguu na mikono pahali ambapo kutembea tu hakutoshi, lakini mashiko bado ni makubwa na watu wengi hupita bila kamba. Anayeanza huuliza, "Ni ngumu?" Swali hilo halitoshi.

Ugumu ni kazi ya mwili: mashiko yameachana kiasi gani, mwamba umesimama vipi, unateleza au hautelezi. Utupu ni kile kilicho chini yako: ukiponyoka, utakomea wapi? Ugumu hukueleza uwezekano wa kuanguka, utupu hukueleza utakavyoumia.

Viwili hivi haviendi pamoja. Pale Lukenya, kilima cha miamba nchini Kenya, jiwe la mita mbili laweza kukushinda kabisa, nawe ukishuka unatua majanini. Longonot, mlima wa volkeno nchini humo, ni kinyume chake. Njia ya kuzunguka ukingo wa kreta, kama kilomita 7, haidai mikono sana, ila pana sehemu kijia ni chembamba, vumbi la volkeno linateleza, na upande wa ndani ni genge.

Uingereza hupanga njia hizi kwa madaraja 1 hadi 3, la 1 likiwa rahisi zaidi, na hapo ndipo wengi hupotoka. Crib Goch, mgongo wa mlima kule Wales wenye kimo cha mita 923, ni daraja la 1. Mgongo wa kaskazini wa Tryfan, mlima mwingine wa huko, nao ni daraja la 1. Tryfan hukuvuta misuli zaidi na kutafuta njia kwake kuna utata, lakini ni mpana na mara nyingi unaweza kukwepa sehemu ngumu. Crib Goch ni rahisi kwa mikono, ila kileleni ni ukingo mwembamba wenye genge, na ukishaanza katikati hakuna pa kuchepukia. Namba ni ileile, siku ni tofauti kabisa.

Utupu pia huzaa ugumu. Mwenye hofu hukumbatia mwamba, na hilo ndilo kosa kubwa: kiwiliwili kikilala kwenye jiwe, uzito husukuma nyayo nje na viatu huteleza. Simama wima, uzito juu ya miguu. Hamisha kiungo kimoja kwa wakati, vitatu vibaki mahali pake. Gonga shiko kwa ngumi kabla ya kulitegemea. Likitoa sauti kama ya kitu kilicho wazi ndani, liache. Shika ukivuta kuelekea chini, si nje. Goti usiliweke kwenye jiwe, maana kuinuka kutoka hapo ni shida.

Mvua, ukungu na upepo huongeza vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo Machi hadi Mei, msimu wa masika nchini Kenya, chagua kwa uangalifu zaidi. Na kabla ya kila hatua ya kupanda jiulize kama utaweza kuirudia ukishuka, uso ukielekea mwamba, maana wakati wa kushuka miguu haioni inapokanyaga.