Batumbula, Dracula na mfuko wa damu

Kazi yangu ni kupima na kutoa damu katika labo ya hospitali moja hapa Lubumbashi, Kongo. Mvua zikianza na malaria ikapanda, tunaletewa watoto ambao viganja vyao vimekuwa vyeupe kama karatasi. Wengi wao hawaponi kwa dawa peke yake, wanahitaji damu ya mtu mwingine, tena saa hiyo hiyo. Siku moja nilimwita baba wa mtoto wa namna hiyo, mtu wa mtaa wa Katuba, mwenye mabega ya kubeba mizigo. Alipoona sindano na mfuko mtupu juu ya meza alirudi nyuma hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya, hii damu banaipeleka wapi?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amekulia chini ya onyo lile lile nililokulia mimi: "Usitembee bushiku, batumbula beko," yaani usitembee usiku, wanyonya damu wapo. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu ya wanyonya damu, wa kwetu na wa mbali, na nimeona kwamba mengi tunayoyashika kuwa kweli sivyo yalivyo.

"Wanyonya damu ni mambo ya sinema za Wazungu"

Karibu kila bara lina wake. Waewe wa Ghana na Togo wanamsimulia adze, anayepenya ndani ya nyumba kwa umbo la kimulimuli na kuwaandama watoto. Kule Malaysia kuna penanggalan, kichwa cha mwanamke kinachong'oka shingoni na kuruka usiku huku matumbo yananing'inia, kikimtafuta mama aliyetoka kujifungua. Wachina wana jiangshi, maiti iliyokakamaa inayokwenda kwa kurukaruka. Huyo anachochukua hasa ni nguvu ya uhai, damu si lazima.

Tazama wanaoandamwa: mzazi na mtoto mchanga, mara kwa mara. Ndio hao hao waliokuwa wakifa zaidi kabla ya dawa na wakunga waliofunzwa. Mimi siwezi kuzisoma hadithi hizo bila kuuona mlango wa wodi ya wazazi.

"Dracula alikuwa mfalme wa kweli aliyekunywa damu"

Mtu wa kweli alikuwapo: Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia katika karne ya 15, katika nchi inayoitwa Romania leo. Baba yake aliitwa Dracul, naye akaitwa Dracula, yaani mwana wa Dracul. Alikuwa mkatili wa kutisha, aliwachomeka maadui zake juu ya miti iliyochongwa. Kunyonya damu lakini alibandikwa na Bram Stoker, mwandishi wa Ireland ambaye hakuwahi kuikanyaga Romania, katika kitabu chake cha mwaka 1897. Na lile la kuungua juani halimo hata humo: Dracula wa Stoker anatembea mchana. Jua lilianza kumuua mnyonya damu mwaka 1922, katika filamu ya Kijerumani *Nosferatu*.

"Wazee waliona kwa macho yao maiti zilizonenepa kwa damu"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu waliona kweli.

Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, Serbia, alikufa mkulima mmoja, Petar Blagojević. Ndani ya siku nane wakafa watu wengine tisa, na inasimuliwa kwamba kitandani walisema Petar aliwajia usiku akawakaba. Eneo hilo wakati ule lilikuwa mikononi mwa Austria. Wanakijiji wakamwambia ofisa wa serikali: tufukue kaburi, la sivyo tunahama. Ofisa akaenda pamoja na padri. Aliandika kwamba maiti haikunuka, ndevu na kucha zilionekana kuwa zimeota, ngozi ya juu imebanduka na chini yake kuna ngozi mpya, na mdomoni mna damu mbichi. Wakaichoma kifuani kwa mti uliochongwa, damu ikatoka masikioni na mdomoni, kisha wakaiteketeza. Taarifa ile ilichapishwa katika gazeti la Vienna. Miaka michache baadaye, mwaka 1732, ikafuata taarifa nyingine kutoka kijiji cha Medveđa, na neno "vampiri" likaenea Ulaya nzima.

Mtu yeyote aliyefanya kazi chumba cha maiti anaitambua picha hiyo. Mwili ukianza kuoza ndani, hewa hujaa tumboni na marehemu aliyekonda huonekana ameshiba. Hewa hiyo husukuma juu maji ya rangi nyekundu iliyokolea, yakatoka puani na mdomoni. Ngozi ya juu huteleza na kubanduka kama glavu, na chini yake panaonekana pekundu. Kucha na ndevu haziongezeki hata kidogo. Nyama inayozizunguka ndiyo inayokauka na kujivuta nyuma. Ukiuchoma mwili wa namna hiyo kifuani, hewa inapita kooni na unasikia mguno. Na kwenye udongo wenye baridi yote haya huenda polepole, hata aliyezikwa wiki kadhaa aonekane wa jana.

Kwa hiyo ofisa hakusema uongo, wala wanakijiji hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezika majirani tisa kwa siku nane na walitaka kujua nani anawafanyia vile. Mwaka 1755 malkia Maria Theresa wa Austria alimtegemea daktari wake, Gerard van Swieten, aeleze jambo hili, kisha akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa sababu hiyo.

"Hayo yalikwisha sayansi ilipoingia"

Exeter, Rhode Island, Marekani, mwaka 1892. Familia ya Brown ilikuwa imempoteza mama, kisha binti mkubwa, kisha Mercy mwenye miaka 19, aliyefariki Januari. Mtoto wa kiume, Edwin, naye akawa anakohoa na kukonda. Majirani wakamshinikiza baba afukue wafu wake. Mercy alikuwa amekufa miezi miwili tu, tena katikati ya baridi kali, kwa hiyo mwili wake ulikuwa haujaharibika na moyo ulikuwa bado na damu. Waliuchoma moyo huo, majivu wakayakoroga na kumpa kaka yake anywe. Edwin alikufa muda mfupi baadaye.

Kilichoimaliza nyumba ile ni kifua kikuu. Robert Koch alikuwa ameshaionyesha bakteria yake Berlin mwaka 1882, miaka kumi kamili kabla. Fikiri ugonjwa huo unavyofanya: mtu anapauka, anakwisha mwili, asubuhi ana damu mdomoni, na akifa yeye anafuata aliyelala naye chumba kimoja. Nani asingesema kuna kitu kinawanyonya?

"Popo ndio wanyonya damu"

Popo wanaolamba damu ni aina tatu tu, na wote wanaishi Amerika, kuanzia Mexico kushuka kusini. Walipewa jina la hadithi, hadithi haikutoka kwao. Popo wale wakubwa wanaokusanyika kwa mamilioni kila mwaka, kuanzia Oktoba, katika msitu wa Kasanka upande wa Zambia, karibu na mpaka wetu, wanakula matunda.

"Lisemwalo lipo"

Nimefika kwa batumbula, na hapa siandiki kwa wepesi.

Wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Élisabethville, watu walisimuliana kwamba batumbula wanakamata wapita njia usiku kwa ajili ya Wazungu, wakaliwe au wanyonywe damu. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, waliitwa banyama. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto, pwani wakasema mumiani. Uvumi ule ule, majina tofauti. Hakuna ushahidi kwamba kulikuwa na kikosi cha kunywa damu ya watu.

Lakini waliosimulia hawakuota. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilikuwa inawaleta wanaume kutoka mbali, inawapanga mstari, inawapima uzito kama mifuko, na wengine hawakurudi kwao. Waganga wa serikali walikuwa wakipita vijijini kuchoma sindano kwenye tezi za shingo wakitafuta ugonjwa wa malale, na aliyechomwa hakuulizwa anaonaje. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, na askari wakawapiga risasi hapa hapa mjini. Mwili wa mtu ulikuwa kweli unatumika kumtajirisha mwingine. Batumbula ni jina la jambo hilo, na kama jina halikukosea sana.

Shida inaanza tunapolichukua jina hilo na kumbandika mtu anayepita njiani leo. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulienea wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu kadhaa waliuawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake. Waliouawa hawakuwa wamenyonya damu ya mtu.

"Ukitoa damu wanakumaliza, halafu wanaiuza"

Mtu mzima ana lita tano hivi. Mfuko mmoja unachukua kama mililita 450, na mizani ndogo iliyo chini yake inatuonyesha lini tukate. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanaume anasubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena. Damu yako inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kisha inakaa kwenye friji siku 35 hivi, si zaidi. Kwenye friji haiwezi kufichwa miaka.

Kuhusu fedha sitadanganya: wapo watu wanaowadai wagonjwa pesa zisizo halali kwa ajili ya damu. Huo ni wizi, na kila familia ina haki ya kuuliza kila faranga inakwenda wapi. Baba yule wa Katuba alikuwa na haki ya kuniuliza.

Nilimjibu yote haya, kwa kifupi kuliko hapa. Akakaa. Nilimfunga mpira mkononi, nikapata mshipa, mfuko ukaanza kujaa. Alipomaliza aliugusa kwa kidole akashtuka. "Iko moto," alisema.

Mfuko wake ulibaki labo ukisubiri vipimo. Mtoto alitundikiwa mwingine, uliokuwa tayari kwenye friji. Baba alisimama kando ya kitanda, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko, akitazama matone yanavyoshuka.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya mtu aliyekuja mbele yako."

"Mumemulipa?"

"Hapana."

Alinyamaza muda mrefu, kisha akavuta kiti.