Usingizi, Mlo, Sigara na Kahawa: Dhana Potofu Kuhusu Tabia Zinazovutana

Wengi wetu huiweka kila tabia ya afya katika fungu lake: chakula ni suala la jikoni, mazoezi ni ya uwanjani, na usingizi ni wa muda wowote utakaosalia. Mwili hauna mafungu hayo, na ushauri unaotolewa kana kwamba unayo humfanya mtu apambane na tabia moja huku nyingine ikimrudisha nyuma.

Dhana: Unene husababishwa na ulaji na uvivu tu, usingizi haumo.

Usingizi umo, tena kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 12 wa kiume wenye afya njema, waliopewa saa 4 tu za kulala kwa usiku mbili mfululizo, kisha wakalinganishwa na walivyokuwa walipopewa saa 10. Leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18, ilhali ghrelini, inayochochea njaa, ilipanda kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vyakula vya sukari, chumvi na wanga. Jaribio hilo lilikuwa dogo, lakini mwaka 2022 watafiti wa chuo hichohicho waliwafuatilia watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, ambao kwa kawaida walilala chini ya saa 6 na nusu. Waliosaidiwa kuongeza usingizi kwa zaidi ya saa moja walipunguza ulaji kwa takriban kalori 270 kwa siku wakilinganishwa na wenzao, bila kuagizwa wabadilishe chakula chochote.

Kwa sababu hiyo, kumwambia mama anayeamka saa 9 usiku kukaanga maandazi, au mlinzi wa zamu ya usiku, kwamba ale kidogo, pasipo kumuuliza analala lini, ni kumtwisha lawama isiyo yake yote.

Dhana: Pombe kidogo jioni huleta usingizi mzuri.

Pombe huharakisha kusinzia, lakini kadiri mwili unavyoimaliza, usingizi wa nusu ya pili ya usiku hukatikakatika. Anayeamka amechoka huongeza kahawa, na kahawa ya alasiri huuharibu usiku unaofuata: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, hata zikinywewa saa 6 kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja.

Dhana: Mazoezi hufuta madhara ya tabia nyingine zote.

Kwa upande wa kukaa kitako, dhana hii ina chembe ya ukweli. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, uliojumuisha watu zaidi ya milioni 1, ulionyesha kwamba ongezeko la hatari ya kufa mapema linalohusishwa na kukaa zaidi ya saa 8 kwa siku halikuonekana kwa waliofanya mazoezi ya wastani kwa dakika 60 hadi 75 kila siku. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko dakika 150 hadi 300 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sigara haina fidia ya namna hiyo.

Dhana: Aliyeacha sigara akikosa usingizi, chanzo ni hamu ya nikotini pekee.

Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo huwakatisha tamaa watu waliokwisha kupiga hatua ngumu. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini, hivyo mvutaji huimaliza haraka zaidi kuliko asiyevuta. Anapoacha, kimeng'enya hicho hupungua ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vya kahawa au chai ya rangi humletea wasiwasi, mapigo ya moyo ya kasi na kukesha, dalili ambazo yeye huzidhani ni za kukosa sigara, akairudia. Ni busara apunguze vinywaji hivyo kwa karibu nusu tangu siku ya kwanza. Anayetumia theofilini kwa ajili ya pumu, au klozapini kwa ajili ya ugonjwa wa akili, amweleze daktari kabla ya kuacha, kwa kuwa dawa hizo huvunjwa na kimeng'enya hichohicho na huenda kipimo chake kikahitaji kupunguzwa.